Kulegea si Kupwaya

Mafundi wana msamiati ambao sisi washairi hatuuchoti vya kutosha. Kaa nusu siku kwenye kibanda cha fundi baiskeli, utasikia kwamba gurudumu linacheza, mnyororo umelegea, breki inanata, nati imekaza, bolti inapwaya. Hakuna hata kitenzi kimoja hapo kinachoweza kukalia kiti cha mwenzake. Mtu wa kalamu akiyaona yote matano huenda akaandika kwamba baiskeli ina hitilafu, akapita. Fundi hawezi kupita, kwa kuwa kila kitenzi kinamwagiza achukue kifaa kingine.

Kilicholegea kiliwahi kukazwa, na kinaweza kukazwa tena. Kinachopwaya hakitoshei, ama kimelika kwa miaka, ama tangu mwanzo hakikuwa cha mahali pale. Utakikaza mpaka jua lichwe nacho kitapwaya vilevile. Kinachocheza kinasogea pasipotakiwa msogeo, na chanzo chaweza kuwa kulegea au kupwaya, ndiyo maana nasema kucheza ni dalili, si ugonjwa. Nimewahi kumsikia mtu akifasiri maneno haya matatu kwa neno moja la Kiingereza. Alirahisisha mambo, lakini fundi aliyekuwa akimsikiliza hakujua aanzie wapi.

Tofauti hizi nimejifunza kuziheshimu mezani kwangu, hapa Tanga, nikifungua lenzi za kamera za zamani zenye kipima-umbali. Pengine msomaji hajapata kuishika kamera ya aina hiyo, basi nieleze. Kamera hizi hazikuonyeshi picha kupitia lenzi. Unachungulia kwenye kidirisha kilicho juu ya lenzi, na katikati yake unaona sura mbili za kitu kimoja, moja imekolea na nyingine imefifia. Unazungusha pete ya lenzi hadi sura ile ya pili itambae na kuangukia juu ya ya kwanza. Zikishalingana, umekwisha lenga. Kinachozisogeza ni mdomo wa chuma ulio nyuma ya lenzi, unaosukuma mkono mdogo ndani ya kamera. Kwa maneno mengine, mpiga picha haoni kile kinachoonwa na lenzi. Anapewa habari zake na chuma, naye anaamini.

Mwaka 1932 Leica II na Contax ziliingia sokoni, zote mbili zikiwa na kipima-umbali kilichofungamana na lenzi, na kwa ajili ya Contax hiyo Ludwig Bertele alisanifu lenzi iitwayo Sonnar. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wasovieti walihamisha mitambo na vioo vya Zeiss kutoka Ujerumani, na kutokana na Sonnar ikatoka lenzi ya milimita 50 waliyoiita Jupiter-8. Kamera mojawapo iliyosafiri nayo sana ni Zorki-4, iliyotengenezwa Krasnogorsk, kando ya Moscow, kuanzia 1956 hadi 1973. Mjomba wangu aliinunua yake mwaka 1972, alipokuwa mwanafunzi wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Urafiki cha Patrice Lumumba, akarudi nayo nyumbani pamoja na shahada, koti zito ambalo Tanga hakulivaa hata siku moja, na tabia ya kunywa chai bila maziwa.

Nitarudi kwake. Kwanza nataka kuzungumza juu ya grisi, kwa sababu mambo mengi huanzia hapo.

Pete ya kulengea hukaa juu ya hesi, mabomba mawili ya chuma yaliyoingiana. Kiwandani hesi hizo zilipakwa grisi, na grisi ina umri wake. Miaka ishirini au thelathini ikipita, mafuta yaliyomo hujitenga na kutambaa kwingine, na kinachobaki kwenye hesi ni kitu cha rangi ya kahawia kinachofanana na gundi ya fundi seremala. Hapo pete hunata. Angalia kitenzi: hunata mzunguko wote, sawasawa, asubuhi ya baridi zaidi ya mchana wa jua. Pete inayosita ni jambo lingine. Hiyo hupita vizuri kisha ikafika mahali pamoja ikagoma kidogo, kila mara palepale. Ya kusita mara nyingi iliwahi kuanguka, ukingo ukapinda kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, au ina chembe ya mchanga kati ya meno ya hesi. Sisi wa pwani mchanga tunao. Inayonata huponywa kwa kusafishwa kwa petroli na kupakwa grisi mpya nyepesi. Inayosita ukiipaka grisi mpya itasita kwa ulaini zaidi, basi.

Ukitaka kuzitenganisha hesi hizo, chora kwa ncha ya sindano alama mbili zinazotazamana, moja kwenye kila bomba, mahali halisi yanapoachana. Hesi ya nati ya kawaida ina mwanzo mmoja. Hizi zina mianzo kadhaa iliyopangwa duara, na zitakubali kuingiana kwa wowote kati ya hiyo, ila ni mmoja tu utakaoirudisha lenzi mahali pake. Ukiukosa, namba za umbali zilizochorwa kwenye pete hazitakuwa na uhusiano wowote na umbali. Na bisibisi iwe saizi ya parafujo. Neno parafujo tulilichukua kwa Wareno, lakini nikisikia bisibisi ndogo ikiteleza kwenye mfereji wa parafujo kubwa na kuula, najikuta nikisema maneno ambayo hatukuyachukua kwa yeyote.

Yale mafuta yaliyojitenga na grisi nayo hayapotei. Mengine hutua kwenye vijibamba vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga. Katika kamera za aina hii mafuta hayo hayakwamishi kitu, kwa kuwa tundu huwekwa kwa mkono, bila haraka. Shida ni kwamba huinuka kama mvuke na kutanda juu ya vioo vya ndani. Na hapa lugha inatutaka tuwe waangalifu. Neno ukungu kwetu lina mzigo mkubwa: ni ule weupe unaofunika bahari alfajiri, na ni ule uotao juu ya mkate uliolala. Ndani ya lenzi hivyo ni vitu viwili vyenye hatima mbili. Ule wa mvuke, ukimulikwa kwa tochi, huonekana kama pumzi juu ya kioo. Kitambaa laini na spiriti huuondoa. Ule unaoota huwa na nyuzi, kama mizizi au utando wa buibui, na hula: hutoa tindikali inayochimba tabaka jembamba lililopakwa juu ya kioo, hata ukiusafisha, nyayo zake hubaki. Wapiga picha wengi hapa huita huo wa pili fangasi. Mimi nimeamua kuuita kuvu na kuliachia neno ukungu lile la mvuke, kwa vile nikisema "lenzi ina ukungu" nataka mwenye lenzi ajue kama ana sababu ya kulia au hana.

Kuna na ukungu wa tatu, ambao haumo ndani ya lenzi. Ni ule tunaosema "picha imetoka na ukungu", yaani sura haikukaa wazi. Huo ndio ulioitawala nusu ya pili ya maisha ya mjomba kama mpiga picha.

Alikuwa mwalimu wa hisabati. Picha alizipiga bila malipo: harusi za jamaa, maulidi, watoto siku ya kwanza ya shule. Mwaka 1983 pete ya lenzi ilinata mpaka ikawa haizungushiki, akaipeleka kwa fundi katika mji mwingine. Ilirudi ikizunguka kwa kidole kimoja, naye akafurahi sana. Miezi michache baadaye watu wakaanza kumwambia kwamba picha zake zina ukungu. Si zote. Za uwanjani, za jua, za watu wamesimama mbali, zilikuwa safi. Za ndani, za karibu, zile ambazo mtu anataka auone uso wa mama yake, hizo ndizo zilizotoka na ukungu. Na kwa kuwa alikuwa amekwisha fikia umri wa kuvaa miwani, kila mtu alipata jibu lilelile, na yeye akaliamini. Alibadilisha miwani mara mbili. Mwaka 1986 alimpiga mama yake, yaani bibi yangu, picha iliyokuja kuwa ya mwisho ya maisha yake. Ilipotoka hakuna aliyeiweka ukutani. Mwaka uliofuata aliacha kupiga picha, na aliposhawishiwa aendelee alisema, "Macho yangu yameshastaafu kabla yangu."

Mwaka juzi alinipa kamera ile ndani ya bati la biskuti. "Chukua, mjomba, wewe ndiye unayevijua vyuma hivi." Chini ya kamera palikuwa na bahasha za filamu zilizosafishwa, kila moja na tarehe kwa mwandiko wake wa ubaoni.

Nilizitazama dirishani kwa kikuza kabla sijaigusa lenzi. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo, kwa sababu watu hutazama picha iliyosafishwa kwenye karatasi, na karatasi ndogo huficha mengi. Za kabla ya 1983 zilikuwa kali kama zimekatwa kwa wembe, kope kwa kope. Za baadaye, zile za karibu, hazikuwa na ukungu kama walivyosema. Zilikuwa wazi kabisa, ila mahali pasipotakiwa. Uso wa bi harusi umefifia, lakini ua alilochomeka nyuma ya sikio unaweza kuhesabu petali zake. Bibi yangu, kipini chake cha puani ni doa la mwanga tu, ilhali majasi ya masikioni yanang'aa, na nyuma yake pindo la kanga limekaa wazi kiasi cha kusomeka. Filamu baada ya filamu, mwaka baada ya mwaka, kosa ni la upande mmoja: nyuma ya uso, kwa kipimo kilekile.

Hapo ndipo nilipoweka kikuza chini. Jicho lililochoka hukosea huku na huku, leo mbele kesho nyuma. Kosa lisilobadilika linatoka kwenye chuma.

Swali likawa, chuma kipi? Nilianza na kamera. Nilikwenda ufukweni, nikalenga mlingoti wa meli iliyotia nanga nje, ng'ambo ya kisiwa cha Toten, pete ikiwa kwenye alama ambayo mjomba huiita nane iliyolala. Sura mbili zililingana. Nyumbani nikapima mita moja kwa futi ya fundi cherehani, zikalingana tena. Kipima-umbali kilikuwa kinasema kweli. Kisha nikatoa kifuniko cha nyuma cha Zorki, nikachukua kipande bapa cha plastiki kutoka kasha la CD, nikakisugua upande mmoja kwa msasa laini hadi kikawa kama kioo cha bafuni, nikakibana mahali ambapo filamu hulala, upande uliosuguliwa ukiielekea lenzi. Ukishikilia mlango wa kamera wazi, unaona juu ya plastiki kile ambacho filamu ingekiona. Nilipanga viberiti vitano mezani kwa mshazari, kila kimoja sentimita 4 nyuma ya mwenzake, cha katikati kikiwa mita moja kutoka kamera. Nilikilenga hicho kwa kidirisha. Kwenye plastiki maandishi yaliyosomeka yalikuwa ya kiberiti cha nyuma kabisa. Mlingoti wa meli nao, tundu likiwa wazi mpaka 2, ulionekana mnene kama nguzo ya simu.

Nilishuku kwanza ile mianzo ya hesi. Lakini mwanzo usio wake huleta kosa kubwa linaloonekana hata kwenye namba za pete, na hapa namba zilikaa zilipopaswa kukaa. Hakuna kilicholegea wala kilichonata, hakuna kilichocheza. Nilipofungua kichwa chenye vioo na kukitoa kwenye bomba la hesi ndipo nilipoliona jibu, au tuseme nilipoona pasipo na kitu. Kati ya bega la kichwa kile na ukingo wa bomba kiwanda huweka pete nyembamba ya kusawazishia, kama washa ya nati lakini nyembamba mno. Unene wake huchaguliwa kwa kila lenzi peke yake, kwa kuwa hakuna vioo viwili vilivyosuguliwa sawasawa. Hapakuwa na pete. Aliyesafisha grisi mwaka 1983 alifungua, akasafisha vizuri sana, akafunga, na pete ile ikabaki labda kwenye kitambaa chake. Kichwa kikazama ndani kwa unene huo, vioo vikasogelea filamu, na lenzi ikawa inatazama nyuma ya kila kitu ilichoelekezwa.

Msomaji mshairi atauliza mbona picha za jua zilisalimika. Chukua shairi la mizani kumi na sita katika mshororo, lenye mshororo mmoja uliopungukiwa na mzani. Mghani hodari akilipata atavuta irabu moja, na hadhira haitajua kitu. Mpe mwanafunzi alisome kama lilivyo, pengo litasikika, na watu watasema mwanafunzi hajui kusoma. Tundu dogo la mwanga ndiye yule mghani. Jua likiwa kali unaweka 8 au 11, na tundu jembamba hivyo hupanua eneo la uwazi mbele na nyuma ya ulengo, hata kosa likazama humo. Sebuleni jioni huna hiari, unafungua hadi 2, na kwa umbali wa mita moja uwazi unabaki kama sentimita 2 mbele na 2 nyuma. Picha alizozipenda mjomba ndizo zilizomwacha bila mghani.

Pete mpya niliikata kutoka kopo la soda. Bati la ubavuni mwa kopo hizo lina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, na hukatika kwa mkasi mdogo ukiwa na subira. Kwa pete moja kiberiti kilichosomeka kilikuwa cha nne. Kwa pete mbili, kikawa cha katikati, na mlingoti wa meli ukawa mlingoti.

Kumweleza mjomba kulinichukua wiki tatu. Ana miaka 77 sasa, na safari hii macho yake kweli yana mtoto wa jicho. Anangoja kufanyiwa upasuaji. Nilijiuliza ni hisani gani kumwambia mtu aliyeacha kitu akipendacho kwa miaka karibu arobaini kwamba hapakuwa na sababu ya kukiacha. Mke wangu aliona kwamba nimngojee apasuliwe kwanza, aone kwa macho yake. Mimi niliona kwamba habari yenyewe si ya macho.

Nilimkuta barazani, na baada ya shikamoo na marahaba nilimweleza yote kwa mpangilio, kama nilivyoeleza hapa. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja juu ya yule fundi: kama alijua. Nikasema sidhani, maana anayejua huirudisha. Akatikisa kichwa kukubali, na hakumtaja tena.

Kisha akaniuliza unene wa pete. Nikamwambia milimita sufuri nukta mbili, karatasi mbili za daftari. Akamwita mjukuu wake amletee daftari, akashika karatasi mbili kati ya kidole gumba na cha shahada, akazisugua taratibu. Midomo yake ikaanza kwenda. Alikuwa anapiga hesabu.

"Mita moja kwa milimita hamsini, ishirini," alisema. "Ishirini mara ishirini, mia nne. Mia nne mara sufuri nukta mbili, themanini. Sentimita nane."

"Karibu nane, mjomba. Viberiti vilisema kama saba."

Aliachilia karatasi. Akaweka kidole gumba pembeni mwa jicho lake na cha shahada mbele ya sikio, akavishusha vile vilivyokaa na kuvipima kwenye ukingo wa daftari, akipapasa.

"Basi majasi ya mama yalitoka," alisema.

Nikamwambia yalitoka, na nakshi zake zinahesabika.